Chemba inafurika kila mvua ikinyesha: je, ni kosa langu au la mamlaka ya maji?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Tabora mjini. Nina nyumba ya vyumba nane, sita nimepangisha, na barazani nina mgahawa mdogo. Bomba la majitaka linapita barabarani mbele ya kiwanja na nimeunganishwa kihalali. Masika hii chemba yangu imefurika kila mvua kubwa ikinyesha, mara ya mwisho maji yakateremka hadi kwenye kisima cha jirani. Bwana afya ameniletea notisi ya siku 14. Fundi anashauri maji ya bafuni na jikoni tuyageuzie mtaro wa barabarani, choo tu kibaki kwenye bomba. Jirani mwingine anasema nisihangaike, ni kazi ya mamlaka ya maji. Nimsikilize nani, na sheria inasemaje?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa usumbufu. Siku za notisi zinakwenda, kwa hiyo nianze na la haraka: mzuie fundi wako. Maji ya bafuni na jikoni ni majitaka sawasawa na ya chooni, na mtaro wa barabarani umechimbwa kwa ajili ya mvua peke yake. Ukimruhusu, bwana afya atakuandikia notisi ya pili na safari hiyo hutakuwa na pa kujitetea. Chemba inaweza kufurika bila mwenye nyumba kukusudia. Bomba la kwenda mtaroni halijijengi lenyewe.

Jirani anayesema ni kazi ya mamlaka naye ana ukweli nusu, nitamfikia. Kwanza nirudi kwenye neno moja uliloandika, na sidhani kama ulilipa uzito: chemba hufurika mvua ikinyesha. Bomba lililoziba kwa matambara, taulo za kike au mafuta hufurika hata Agosti, watu wakioga asubuhi. Bomba linalofurika siku za mvua tu linapokea maji ya mvua kutoka mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni bati la nyumba yenyewe.

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lako tulikadirie mita za mraba 120. Mvua nzito ya alasiri ikishusha milimita 40, bati limemwaga lita 4,800. Sasa tuhesabu watu: tuseme mko 20 na kila mmoja anatumia lita 70 kwa siku. Wahandisi hukadiria kwamba asilimia 80 ya maji ya matumizi hurudi kama majitaka, kwa hiyo nyumba nzima inatoa lita 1,120 kwa siku. Yaani mvua ya saa moja inasukuma bombani mzigo wa zaidi ya siku nne, kwa mkupuo. Bomba lako la inchi 4 halikuwekwa kwa kazi hiyo. Na nyumba kumi za mtaani zikifanya vivyo hivyo, bomba la barabarani hushindwa, maji yakarudi nyuma na kutapika kwenye chemba iliyo chini kuliko zote. Inaweza kuwa yako, hata kama bati lako halina hatia.

Kwa hiyo pima kabla ya kutoa hela yoyote. Chagua siku kavu. Fundi afunue chemba ya kwanza baada ya nyumba, wewe simama pembeni, halafu kijana amwage ndoo mbili za maji kwenye bomba linaloteremka kutoka kwenye gata. Ukiona maji yanapita chembani, umempata mhalifu. Rudia kwenye kile kitundu cha uani pale wapangaji wanapofulia. Nyumba nyingi za kupanga zina kitundu hicho, sakafu yote ya ua imeelekezwa kwake, na mvua ikinyesha ua mzima unageuka faneli. Angalia pia mifuniko ya chemba zako. Mfuniko uliopasuka, au uliolingana na ardhi mahali maji ya mvua yanapopita, unapokea mtaro mzima bila mtu kujua. Mdomo wa chemba unapaswa kuinuka juu ya udongo, sentimita 10 hadi 15 zinatosha.

Hapo sisitiza jambo moja kwa ukali: mtu asishuke chembani wala shimoni. Majitaka yaliyokaa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, na ikiwa nyingi hupooza pua kwanza, hivyo mtu huona kama harufu imeisha ilhali ndiyo inamuua. Mwenzake akiruka kumwokoa, wanakufa wawili. Kila kitu nilichokieleza kinafanyika ukiwa juu, kwa macho, kwa fito ndefu na kwa tochi.

Sasa jirani yako na mamlaka. Mpaka wa wajibu ni bomba, na swali la kujiuliza ni maji yamekwama wapi. Bomba kuu la barabarani na chemba zake ni mali ya mamlaka, kwenu ni TUWASA, na kulizibua, kulifukua na kulikarabati ni kazi yao. Mabomba na chemba zilizo ndani ya kiwanja chako, hadi mahali pa kuungana na mtandao wao, ni juu yako. Mkataba wako wa huduma unaonyesha mahali hasa unapoishia wajibu wako, uutafute. Namna ya kujua upande uliokwama ni rahisi: funua chemba ya mwisho karibu na mpaka wa kiwanja. Ikiwa kavu wakati choo ndani hakishuki, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba hiyo, ni chako. Ikiwa imejaa na maji yametulia tuli, kizuizi kiko mbele yake. Waulize na majirani wa juu na wa chini yako. Chemba zao zikiwa zimejaa siku isiyo na mvua, bomba kuu limeziba. Piga simu mamlaka, omba namba ya taarifa, na uiandike mahali pamoja na tarehe na saa. Usimruhusu fundi wa mtaani kufunua chemba za barabarani kwa nondo. Hizo si zako, na mfuniko ukivunjika au mtoto akitumbukia, utaulizwa wewe.

Kuhusu sheria, watu huchanganyikiwa kwa sababu wanatafuta sheria moja ya majitaka, na haipo. Zipo kadhaa na kila moja inashika kipande chake.

Inayokuhusu zaidi ni Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Ndiyo inayozipa mamlaka za maji za mijini kazi ya kusambaza maji safi na kuondoa majitaka, na ndiyo iliyoanzisha RUWASA kwa ajili ya vijijini. Chini yake huruhusiwi kujiunganisha na mtandao bila idhini ya mamlaka, wala kuingiza bombani kitu cha kuliziba, kuliharibu au kuvuruga mahali majitaka yanapotibiwa. Idhini uliyopewa ilikuwa ya majitaka. Kama bati lako limeunganishwa humo, hata ikiwa ni fundi wa zamani aliyefanya hivyo kabla hujainunua nyumba, anayetakiwa kurekebisha ni mmiliki wa leo.

Bwana afya yeye anasimama kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayompa nguvu ya kumwandikia notisi mmiliki au mkaaji wa mahali palipo na kero inayohatarisha afya, aiondoe ndani ya muda. Majitaka yanayotiririka nje ya kiwanja ni kero kwa tafsiri yoyote ile. Anasimama pia kwenye sheria ndogo za Halmashauri ya Manispaa. Mamlaka za miji zimepewa uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, na hizo ndizo zinazoshuka hadi kwenye mambo ya mtaani: mitaro, mashimo ya vyoo, usafi wa migahawa, faini. Sheria ndogo huchapishwa kama Tangazo la Serikali. Una haki ya kuiona. Nenda ofisi ya kata au kitengo cha sheria cha Manispaa, omba kusoma kifungu kilichotajwa kwenye notisi yako. Notisi isiyotaja kifungu, iulize kwa adabu na kwa maandishi. Ukiambiwa ulipe faini papo hapo barazani kwako, omba namba ya malipo ya serikali kwanza. Fedha ya halmashauri hailipwi mkononi.

Kuna ngazi ya tatu ambayo mwenye nyumba hukutana nayo mara chache, ila inaeleza kwa nini mtaro haufai. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita kwa kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huinyonya majini kwa siku tano vikiozesha uchafu. Majitaka ya nyumbani kwa kawaida yana kati ya 200 na 400. Kutoka 300 hadi 30 ni kuondoa sehemu tisa katika kumi, na hakuna mtaro wa kufanya kazi hiyo. Mabwawa ya kutibu majitaka ndiyo yanayoweza: bwawa la kwanza lenye kina linazamisha tope, linalofuata mwani na bakteria vinashirikiana juani, na mwisho bwawa la kina kifupi ambamo mwanga wa jua unaua vimelea. Inachukua siku nyingi. Maji ya bati yakijaa humo hupita haraka, majitaka yanatoka kabla hayajaiva. Hiyo ndiyo sababu mamlaka zinakuwa kali kuhusu mvua kwenye bomba, na mimi naziunga mkono kabisa.

Mtaro wenu, dada, nao una mwisho. Tabora maji yake hushuka kuelekea bonde la Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo anayetaka kutiririsha majitaka yake moja kwa moja kwenye kijito, kama kiwanda au machinjio, hutakiwa kuwa na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako Kigoma, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kuna jambo linanigusa kila nikilifikiria: maji mnayokunywa sasa yanavutwa Ihelele, Ziwa Victoria, ambako kwa asili yangeelekea Nile. Yakishapita kwenye bafu la Tabora yanaelekea upande wa Kongo. Na yanakuja mengi. Zamani mji ulitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, watu walihifadhi maji kwenye madumu na choo cha shimo kilitosha. Bomba likitoka kila siku watu huweka vyoo vya kuvuta, mabafu ndani, mashine za kufulia. Kila lita inayoingia lazima itoke, lakini mabomba ya kutolea hayakuongezeka kwa kasi ya mabomba ya kuingizia. Ndiyo maana notisi kama yako zitazidi.

Mgahawa wako nao nina shaka nao. Hukuniambia unapika nini, lakini Tabora ukipika wali na maharage bila mawese ya Kigoma wateja watauliza. Mawese yanayeyuka kwenye sufuria ya moto na kuganda yakipoa, na bombani usiku wa Juni au Julai yanaganda kama mshumaa, safu juu ya safu, hadi inchi 4 zinabaki 2. Mvua ikija juu ya bomba lililosinyaa hivyo, kufurika ni lazima. Jenga kisima kidogo cha kunasa mafuta kati ya sinki na chemba ya kwanza: tofali na plasta, sentimita 60 kila upande, na bomba la kutokea liwe na tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T, ambayo mdomo wake umezama chini ya maji. Mafuta huelea, maji ya chini hutoka. Kila wiki mtu ayachote kwa upawa, ayachanganye na jivu au pumba, ayafunge kwenye mfuko wa taka ngumu. Kumwaga maji ya moto na sabuni ili "kuyeyusha" ni kuyahamishia kwa jirani, yanaganda mita ishirini mbele. Afisa afya akija kukagua mgahawa, kisima hicho kikiwa safi kitakusemea.

Basi notisi. Usiikalie kimya hadi siku ya 13. Andika barua leo kwa Mganga Mkuu wa Manispaa kupitia ofisi ya kata, ueleze umefanya vipimo gani, umegundua nini, unarekebisha nini na kwa tarehe zipi. Kama kazi haitaisha ndani ya siku 14, omba nyongeza kwa kutaja siku. Usiandike "hivi karibuni". Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kazi zenyewe ni hizi: gata iondolewe bombani na maji ya mvua yapelekwe kwenye simtanki au kwenye mtaro, maana mvua mtaroni ni halali, kitundu cha uani kizungushiwe tuta na kiezekwe ili kipokee maji ya kufulia tu, mifuniko irekebishwe. Na kama kiwanja chako ndicho cha chini mtaani, mwombe mhandisi wa mamlaka aje aone kama panafaa kuwekwa valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye chemba ya mwisho. Mteremko pia upimwe: bomba la inchi 4 literemke takriban sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Mafundi wengi wanapima kwa jicho, tope linabaki katikati.

Ukikuta upande wako uko safi na tatizo liko barabarani, lalamika kwa maandishi kwa mamlaka, ukiambatanisha picha zenye tarehe. Ukipita muda bila majibu, ngazi inayofuata ni EWURA, ambayo ndiyo mdhibiti na ndiyo inayoidhinisha bei ya majitaka unayoiona kwenye bili. EWURA CCC, baraza la watumiaji, lipo kwa ajili ya kukusaidia kuandaa malalamiko bila gharama. Wakati huohuo mpe bwana afya nakala, ajue kero inasababishwa na nani.

Kwa wasomaji wa mitaa ambayo bomba halijafika, ambao ni wengi zaidi, pamoja na ndugu zetu wa Kigoma Ujiji, niseme machache. Karo la choo likijengwa vizuri, vyumba viwili na shimo la kunyonya, ni halali na linafaa. Linyonywe tope likifika theluthi moja ya kina. Shimo liwe mbali na kisima angalau mita 30, na lisiwe upande wa juu yake. Mkiita gari la kunyonya, muulizeni dereva anakwenda kumwaga wapi, mdai risiti, kwa sababu mzigo ukimwagwa porini au mtoni mlioulipia ni ninyi. Kutapisha choo usiku wa mvua ni kosa na ni ukatili kwa watoto wa mtaa. Tanzania magharibi tuliona mwaka 2015, pale Kagunga mkoani Kigoma, jinsi kipindupindu kinavyoweza kukimbia mahali penye watu wengi na vyoo vichache.

Limebaki la kisima cha jirani, na hili usilisubirishe notisi. Kawaambie leo wasinywe maji hayo bila kuyachemsha, hata kama yanaonekana meupe. Chemba ikishadhibitiwa, kwa sababu kabla ya hapo ni kazi bure, mwombe afisa afya asimamie kukisafisha: kivutwe hadi maji mapya yaingie, kisha kitiwe klorini ya unga iliyokorogwa kwenye ndoo. Kisima chenye upana wa mita moja na maji ya kina cha mita mbili kina lita zipatazo 1,570, na gramu 120 za unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hufikisha miligramu 50 kwa lita. Kikae usiku kucha bila kuguswa, asubuhi kivutwe tena mpaka harufu iishe, ndipo sampuli ipelekwe maabara. Gharama hiyo, dada yangu, beba wewe kama vipimo vya ndoo vimeonyesha bati lako. Waendelee kuchemsha hadi majibu ya maabara yatoke.